Shahidi wa Pili

Watu wa redioni walimwita Mama Ubao, na si kwa kumtania tu. Ubao wenyewe ulikuwepo, mweusi, mpana kuliko mlango, umegongomewa ukutani nyuma ya meza yake. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna habari iliyosomwa hewani katika kituo kile bila kupita hapo kwanza. Watangazaji walikuwa na majina na sauti. Wakienda sokoni watu waligeuka. Yeye hakujulikana na mtu. Lakini mtangazaji gani angethubutu kufungua mdomo kabla ya kuchungulia ubao wa yule mama?

Ubao ulikuwa na safu nne. Ya kwanza, TUMEONA. Ya pili, TUMEAMBIWA. Ya tatu, TUNADHANI. Ya nne, ambayo yeye aliiita safu ya watu wazima, HATUJUI. Habari ikiingia, iwe kwa simu au kwa mtu anayehema mlangoni, aliandika saa yake kwanza, halafu akaitia kwenye safu inayostahili. Haikuhama safu mpaka apatikane shahidi wa pili. Ikigundulika kuwa ni ya uongo haikufutwa. Ilikatwa mstari tu, ibaki inaonekana, ili aliyeileta aione kila akipita. Na kabla ya kuandika lolote, glasi moja ya maji, yote, ukiwa umekaa. Vijana wapya waliicheka hiyo glasi. Baada ya mwezi walikuwa wanaijaza wenyewe.

Kanuni moja hakuiandika popote, aliisema tu, na aliisema sana: anayetaka habari iwe kweli si shahidi. Mama hahesabiwi kwa habari ya mwanawe, wala mke kwa habari ya mumewe. "Sikio lenye hamu," alikuwa akisema, "husikia lilichotumwa." Na kuna methali moja hakuiweza kabisa, ile ya lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtu akiitamka mbele yake, aliweka chaki chini akamtazama mpaka mtu huyo akajiona mjinga. "Hiyo imeua watu," alisema.

Alikuwa na sababu. Mwaka wake wa pili kazini, simu ililia: basi la wanafunzi limepinduka kwenye kona ya daraja. Alikimbia na kikaratasi hadi kwa mtangazaji, kikasomwa. Basi lenyewe lilikuwa limepata pancha tu. Watoto walikuwa wamekaa kando ya barabara wanaimba. Lakini mama mmoja aliyesikia taarifa ile akiwa jikoni alitoka mbio hivyo hivyo, mwiko mkononi, akaingia barabarani, na lori likampitia. Mama Ubao alikwenda kuona. Mwili ulikuwa umeshaondolewa, mwiko bado upo pale pale, umekauka uji. Kesho yake alikuja kazini na ubao. Nani angemlaumu? Mimi simlaumu kwa ubao. Yanayofuata ndiyo yananikaba.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mmoja tu, wa tumbo moja. Mama yao alikufa wakati huyo mdogo hajajua kufunga kamba za viatu, na dada ndiye aliyemfungia viatu, akamfungia na vitabu vya shule, akamfikisha utu uzima. Mdogo akawa mchimbaji, kisha nyapara wa watu sita kwenye mgodi ulio nyuma ya mji, na tabia ya dada yake akashuka nayo chini. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, alichora safu nne kwa chaki kwenye mlango wa sanduku la vifaa: nguzo zipi amezikagua kwa macho yake, zamu iliyotoka imemwambia nini kuhusu hewa, wanakisia nini, hawajui nini. Mwanzoni wenzake walimzomea, wakamwita mwalimu mkuu. Miaka tisa ikapita bila mtu wa kundi lake kupoteza hata kidole, zomeazomea ikaisha yenyewe.

Jumapili alikuja kula kwa dada yake pamoja na mkewe, na utani ulikuwa ule ule. "Dada, nimeona wifi yako amenuna," alianza, kijiko hewani. "Nimeambiwa kisa ni mimi. Nadhani ni lile shati nililopaka grisi. Sijui nitalala wapi leo."

"Hilo la mwisho lihamishe safu," mkewe alijibu. "Utalala kibarazani, na mashahidi ni mimi na mbu."

Mke huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule, mtu wa joto, wa kusema kwanza na kufikiri njiani. Yeye na Mama Ubao walipatana jinsi mawifi wanavyopatana, kwa vijembe. "Wewe wifi yangu, nyumba ikiungua utakaa chini kuuliza moshi umetokea wapi," alimwambia. Naye Mama Ubao alijibu, "Na wewe utamwaga maji nyumba ya jirani." Walicheka mpaka sahani zikasogezwa. Siku hizo kijembe kilikuwa kijembe tu.

Jumanne moja, saa nne na robo asubuhi, simu ya mezani ililia. Mtu wa getini mgodini alisema njia namba tatu imeporomoka na watu wako ndani. Mama Ubao aliandika saa, akaitia habari safu ya pili. Kisha akauliza ni kundi la nani. Akajibiwa. Akakaa, akanywa glasi yake ya maji, yote. Mhariri mkuu aliyekuwa amesimama nyuma yake alisimulia baadaye kwamba glasi haikutikisika hata kidogo, na alisimulia kwa sifa. Sifa ya namna gani hiyo, sijui.

Alifika mgodini saa sita. Geti la chuma lilikuwa limefungwa, walinzi wanne ndani, na nje watu zaidi ya mia. Wa zamu ya usiku, ambao hawakuwa wamelala, walikuja na sepetu. Kila dakika neno jipya lilipita: wote wamekufa, wawili wameonekana, kampuni inaficha maiti, mhandisi ametoroka. Mwanamke mmoja alizimia kwa neno lililokuwa la uongo, akazinduka, akazimia tena kwa lingine. Mbele kabisa, kifua kwenye geti, alisimama wifi yake, utepe wa kupimia nguo bado uko shingoni, na mkononi ameshika mtaimbo.

Kando yake alikuwa seremala wa nguzo, mtu anayepanga magogo ya kushikilia paa kule chini, anayezijua njia za mgodi kama mifuko yake. Alikuwa anamwelekeza mhandisi kwa kidole kupitia vyuma vya geti. "Nyuma ya mlima kuna tundu la hewa la zamani," alisema. "Limezibwa na kifusi tu. Tukianza sasa hivi kwa mikono, kesho jioni tuko chini."

"Mkichimba kule mtashusha mlima mzima," mhandisi alijibu. "Mashine ya uokoaji iko njiani. Subira yavuta heri, ndugu zangu."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," wifi alisema. "Fungua geti."

Walinzi walikamata virungu vyao. Mama Ubao akautazama umati ule unavyopumua kwa pamoja, akamkumbuka yule mama wa mwiko. Alijua anachotakiwa kufanya, na ndicho alichokijua kuliko mtu yeyote katika mji ule. Aliomba ubao wa kantini kupitia getini. Wakamletea, bado umeandikwa chakula cha mchana ambacho hakuna aliyekila. Akaufuta kwa kanga yake, akachora safu nne, akaanza kuwauliza mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayeulizia saa: "Umeona au umeambiwa? Na nani? Saa ngapi?"

Nusu saa tu. Mhandisi aliyetoroka akarudi, maana watu wote walimwona yuko pale. Maiti zilizofichwa zikaishia kwa mtu aliyeambiwa na mtu. Katika safu ya kwanza likabaki jambo moja, kwamba watu saba waliingia asubuhi na hawajatoka. Watu wakipewa mahali pa kuiweka hofu yao, nao hukaa. Wakakaa chini, kwenye vumbi, wakiutazama ubao. Meneja aliagiza turubai la kivuli, benchi, na chaki, boksi zima. Mtu akikuletea boksi zima la chaki bila kuombwa, jiulize anataka uandike nini. Mama Ubao hakujiuliza.

Seremala wa nguzo alichuchumaa mbele yake. "Mama, sisi tunataka neno moja tu. Kwa maiti siwezi kuwaingiza watoto wa watu kwenye hatari. Lakini kama kuna aliye hai, tutamfuata hata mlima ushuke. Tuambie wako hai, basi."

Wifi naye akalaza mtaimbo chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Hawa siwaamini," alisema, akiwaonyesha kwa kidevu waliokuwa ndani ya geti. "Nakuamini wewe. Wewe ukisema wako hai, navunja. Ukisema ningoje, nangoja."

Saa kumi na nusu jioni alikuja fundi wa pampu. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, sikio moja limeuawa na makelele ya mashine, hivyo hata siri aliisema kwa sauti. Alijitahidi kunong'ona. "Mama, njoo usikie bomba."

Chumba cha pampu kilikuwa cha mabati, kina joto la tanuri, kimejaa harufu ya grisi. Bomba la kuvuta maji lilitoka chini ardhini, nene kama paja, likaingia kwenye pampu. Fundi alisema alikuwa ameshamwambia mhandisi, na mhandisi akamjibu, "Wewe husikii hata ukiitwa kula." Safari hii mhandisi naye alikuja, akaweka sikio kwenye bomba kwa muda wa chafya moja, akainuka. "Vali ya pampu hiyo, inagonga tu," alisema, akatoka nje kujipepea.

Mama Ubao alipiga magoti. Chuma kilimchoma sikio, akavumilia. Pampu ilikuwa inanguruma mle ndani, haipumziki. Kisha, chini ya ngurumo, kitu kingine. Akaanza kuhesabu kwa vidole vyake juu ya goti. Saba. Kimya. Akabana pumzi. Saba tena, moja moja, bila haraka, kama mtu mwenye subira anavyobisha hodi.

"Umesikia?" fundi aliuliza.

Alitaka iwe kweli. Alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu azaliwe, na ndipo akili yake ikamgeukia. Akajiuliza yale aliyowauliza wengine kwa miaka ishirini na miwili. Shahidi huyu ni nani? Ni dada mtu. Anataka nini? Anataka waliomo ndani wawe hai. Basi hahesabiwi. Alijitoa kwenye hesabu pale pale alipopiga magoti, na akabaki shahidi mmoja, kiziwi wa sikio moja, ambaye bosi wake keshamkanusha.

Nje, mhandisi alimsogelea kwa upole. "Mama, ukiandika hilo pale getini watavunja. Watakwenda kuchimba kule nyuma, na mlima utawashukia hao hao tunaowatafuta. Sasa hivi siwezi kuzima pampu, maji yako juu. Kesho alfajiri yatakuwa yameshuka. Tutazima dakika kumi, tusikilize wote, mimi na wewe na mashahidi wengine. Si ndio utaratibu wako?"

Ndio ulikuwa utaratibu wake. Hakuna mtu aliyewahi kuueleza vizuri zaidi.

Alirudi getini, akanywa maji, akaandika safu ya tatu: saa kumi na nusu, sauti kwenye bomba, shahidi mmoja. Wifi alisimama akaisoma, midomo ikitembea.

"Shahidi ni nani?"

"Fundi wa pampu."

"Na wewe ulikuwa naye kule."

"Nilikuwa na wasiwasi, wifi. Wasiwasi si sikio."

Wifi alimtazama, akautazama mtaimbo, akamtazama tena. Seremala wa nguzo alikuwa ameinuka nusu, anasubiri. "Haya," wifi alisema mwishowe. "Wewe ndiye unayejua." Akakaa. Seremala naye akakaa.

Asubuhi ya Jumatano pampu ilizimwa. Walisikiliza watu wanne, akiwemo seremala, kila mmoja na sehemu yake ya bomba. Mama Ubao alibana sikio mpaka likaingia alama. Dakika kumi. Hakukuwa na kitu, hata maji hayakutikisika. Mhandisi alitikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni yenyewe ilionekana ya kweli. Fundi wa pampu alikuwa kwenye kona, anachezea spana yake, mdomo unafunguka na kufungika. Mama Ubao alikwenda kwenye ubao, akaikata mstari ile sauti. Seremala aliuona ule mstari ukipita. Alikusanya watu wake, wakarudisha sepetu stoo.

Mashine ilifika Alhamisi jioni, ikakatika mkanda. Ijumaa ikatengenezwa. Jumamosi waokoaji waliwafikia. Mama Ubao aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake ule ule usioyumba, safu ya kwanza: saba. Kisha akaweka chaki chini, akaanguka.

Walizikwa. Ikaundwa kamati ya uchunguzi, ikakaa kantini ya mgodi, kwenye meza zile zile za kulia. Ndipo ikajulikana kwamba hakuna hata mmoja aliyepondwa na jiwe. Walikuwa wamejibana kwenye kichumba kikavu nyuma ya kifusi, na kilichowaua ni hewa kuisha. Daktari alisema walikuwa hai mpaka Alhamisi asubuhi, angalau baadhi yao. Mpimaji alisema tundu la hewa la zamani lilipita hatua kumi na moja kutoka walipokaa, na mwamba wa upande ule ulikuwa imara. Seremala wa nguzo aliomba atoke nje. Kumbe alichosema Jumanne mchana kilikuwa kweli tupu, hadi muda aliotaja.

Mama Ubao naye aliitwa. Mwenyekiti alimuuliza kama kulikuwa na dalili yoyote ya uhai iliyoripotiwa. "Iliripotiwa sauti kwenye bomba," alijibu. "Ilikuwa na shahidi mmoja." Jibu hilo likaandikwa. Wakamshukuru, wakamwita mwingine.

Kampuni ilimletea barua yenye muhuri. Ilimshukuru kwa kudumisha utulivu katika kipindi kigumu, ikamwomba akubali kwenda kwenye migodi yake mingine kuwafundisha watu njia yake. Utulivu, eti. Nguzo zilikuwa zimeoza miaka mitatu, wasinunue. Chaki walinunua siku hiyo hiyo. Mhariri mkuu, kwa nia njema, aliitia barua kwenye fremu akaitundika pembeni ya ubao. Jioni, watu walipokwishaondoka, Mama Ubao aliiteremsha akaisukuma nyuma ya kabati, uso ukutani. Kesho yake akakaa chini ya safu zake nne, simu ikalia, akajaza glasi. Safari hii nusu ya maji ilimwagikia mezani.

Kwa wifi yake hakuwa amekanyaga tangu mazishi. Hawakugombana. Kungekuwa na ugomvi, pengine ingekuwa nafuu. Miezi miwili ilipopita, mtoto wa jirani wa wifi alimletea salamu redioni: aje achukue kitu chake.

Alikwenda Jumapili mchana, saa ile ile waliyozoea kula pamoja. Chumba kilijaa sare za bluu, zimepangwa kwenye viti, kitandani, juu ya sanduku. Palibaki njia ya mtu mmoja kupita. Wifi alikuwa amesimama kando ya cherehani, utepe shingoni, amekonda. Hakumkaribisha kukaa wala hakumnyima. Kwenye kigoda, kofia magotini, alikuwa fundi wa pampu.

"Mwambie," wifi alimwambia fundi.

Fundi aliikunja kofia, akaikunjua. Alisema yeye ndiye aliyeingia kwanza kunyonya maji yaliyobaki, kabla ya watu wa kampuni kuja na kalamu zao. Alikuta kitu, akakificha ndani ya koti, akakiweka chini ya kitanda chake miezi miwili. Hakuweza tena kukilalia. Akanyoosha mkono kwenye meza ya cherehani, akakifunua kitu kilichofunikwa kwa kipande cha kitambaa cha sare.

Ulikuwa mlango wa sanduku la vifaa. Mbao ilikuwa imelowa ikakauka, lakini chaki ilishikilia. Safu nne. Mwandiko Mama Ubao aliujua, ndiye aliyeufundisha.

Safu ya kwanza: Tuko saba. Mmoja mguu umevunjika. Taa mbili, galoni moja ya maji. Hewa haitembei. Safu ya pili: Jumanne jioni tumegonga bomba, bomba limejibu mara saba. Safu ya tatu: Watapitia tundu la zamani. Labda kesho. Safu ya nne haikuwa na kitu. Chini, mstari umevuka safu zote: Wameshasikia. Tusigonge tena, tukae kimya, tutunze hewa.

Alisoma mara mbili. Akainua macho kwa fundi.

"Ulipotoka nilichukua spana," fundi alisema, na kwa ukiziwi wake chumba kizima kilisikia, hata barabarani pengine walisikia. "Nikagonga saba. Nilitaka wasikate tamaa, mama. Nilitaka wajue kuna mtu. Asubuhi mliposikiliza kukawa kimya, nikajua wamekufa. Nikajua nimewaaga tu. Sikujua kwamba..." Akauzika uso kwenye kofia.

Kumbe kimya cha Jumatano kilikuwa cha watu walio hai, wamekaa gizani kwa nidhamu, wakihesabu pumzi zao, kwa sababu nyapara wao aliwafundisha kutulia. Na nyapara naye alifundishwa na nani?

Kulikuwa na maneno mengine, yameandikwa baadaye, kwa mkono uliolegea, yamebanwa mwishoni mwa safu ya kwanza. Dada yuko juu.

Mdomo wake ulisema wenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili. "Hapa si mahali pake."

"Nini?" wifi aliuliza.

"Safu hii ni ya kilichoonekana. Hakuniona. Alitakiwa aliandike kwenye..."

"Hakuhitaji kukuona," wifi alisema.

Nje watoto walikuwa wanagombania mpira. Wifi aliizunguka meza ya cherehani, akasimama karibu naye, karibu kama zamani walipokuwa wakinong'onezana kumsema mtu aliyekuwa anakula mezani pale pale. Hakupandisha sauti. "Nakuuliza kitu kimoja," alisema, "na usinijibu kwa safu. Siku ile ulipiga magoti kwenye bomba. Fundi anasema ulikaa sana. Ulisikia?"

Mama Ubao aliweka kiganja juu ya mlango wa sanduku, kwa uangalifu wote, asifute chaki. Kamati haikumuuliza hivyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa amejikataza kujiuliza.

"Nilisikia."

"Mara ngapi?"

"Saba. Kimya, halafu saba."

Wifi aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mteja anayeambiwa bei aliyokwisha kuikisia. Akamwonyesha fundi kwa kidole. "Na huyu alisikia."

"Ndiyo."

"Basi mlikuwa wawili."

Akarudi kwenye cherehani yake, akavuta shati la bluu lisilo na mikono, akaingiza uzi kwenye sindano, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa kesho na sare zilikuwa hazijaisha.